Dakika Hamsini, Mlango Umefungwa: Uchambuzi wa Kisa cha Safari Moja ya Alasiri

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kiwanja kimoja cha pwani ya Afrika Mashariki, kwenye safari ya ndani ya nchi. Jina la kampuni, kiwanja, tarehe na majina ya watu yameondolewa, na mambo mawili matatu madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kimekusanywa kutokana na taarifa za marubani na wahudumu, kumbukumbu za simu za chumba cha uendeshaji (ofisi inayosimamia safari zote za kampuni), na barua 11 za malalamiko ya abiria. Hutumika kuwafundisha wahudumu wa ardhini na wa ndani ya ndege wakiwa darasa moja, jambo ambalo si la kawaida. Makundi haya hufundishwa kila moja kivyake, halafu tunashangaa yanapokutana mlangoni pa ndege hayaelewani.

Hakuna aliyekufa. Hiyo ni sababu mojawapo ya kukipenda: visa vya ajali watu huvisoma wakijiambia havitawafika, lakini hiki karibu kila mfanyakazi wa ndege amewahi kukiona, kwa sura hii au ile.

Mazingira

Ilikuwa Februari, mchana, joto la nje nyuzi 33 na unyevu wa pwani juu yake. Ndege ni ya mapangaboi mawili, viti kama 70. Abiria walikuwa 64 na watoto wachanga wawili wa kupakatwa, marubani wawili, wahudumu wawili.

Ili kuelewa yaliyofuata, lazima kwanza ujue ndege inapozwaje ikiwa chini. Jeti za kawaida zina injini ndogo mkiani isiyosukuma chochote; kazi yake ni kutoa umeme na hewa wakati injini kubwa zimezimwa. Pangaboi ya aina hii haina injini hiyo. Badala yake injini ya kulia huwashwa huku pangaboi lake limefungwa kwa breki lisizunguke, na injini inafanya kazi ya jenereta na kiyoyozi. Asubuhi ile breki hiyo iliripotiwa mbovu. Mafundi waliahirisha matengenezo yake kwa kufuata orodha rasmi ya vifaa ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka navyo vikiwa vibovu. Ni halali kabisa, na angani hakuna hatari yoyote. Tatizo liko chini: ndege ikisimama, injini zimezimwa na mlango umefungwa, hewa baridi haipo. Gari la umeme la uwanjani linaweza kuwasha taa na feni ndogo za ndani, lakini feni zile huzungusha hewa ile ile. Kiwanja kilikuwa na gari moja tu zima la kupuliza hewa baridi, na saa ile lilikuwa limeunganishwa kwenye jeti ya kimataifa upande wa pili.

Habari ya breki ilikuwa kwenye kitabu cha ndege. Kapteni aliijua, chumba cha uendeshaji kilijua. Meneja wa kituo na vijana wake wa getini hawakuijua mpaka kikao cha siku ya tatu.

Jambo la pili ni jua. Kiwanja walichokuwa wanaelekea, mbali upande wa magharibi, hakina taa za njia ya kurukia. Lazima ndege iguse ardhi kabla jua halijazama. Safari huchukua saa mbili na dakika kama ishirini, na kampuni hutaka akiba ya nusu saa, kwa hiyo mwisho wa kuondoka ulikuwa saa 10:00 alasiri. Ratiba ilisema saa 8:10 mchana.

La tatu ni makaratasi, na hili wasomaji walio nje ya kazi hii huwa hawalijui. Kila dakika ya kuchelewa lazima iandikwe chini ya namba ya sababu inayotumiwa na mashirika duniani kote. Namba 93 ni ndege iliyochelewa kutoka safari iliyotangulia, 36 ni mafuta, 41 ni hitilafu ya ndege, na kadhalika. Namba hizo hujumlishwa mwisho wa mwezi na kila idara huulizwa ya kwake. Meneja wa kituo alikuwa na dakika 30 za kuigeuza ndege, yaani kuiandaa kwa safari inayofuata, tangu ilipotua. Zikizidi, zinakuwa zake.

Mtiririko wa matukio

Ndege ilitua saa 8:35, tayari imechelewa. Saa 8:50 chumba cha uendeshaji kiliagiza abiria wapandishwe. Mzee mmoja aliyetumia kiti cha magurudumu, ambaye kwa utaratibu angepanda wa kwanza, alipandishwa wa mwisho kwa sababu kiti chembamba cha kumpitisha ndani kilichelewa kuletwa. Aliketi safu za nyuma pamoja na bintiye.

Mlango ulifungwa saa 9:15. Injini ya kulia ilipowashwa taa ya tahadhari ikawaka, kapteni akazima na kumwita injinia wa zamu. Injinia alikuwa kwenye ile jeti ya kimataifa.

Saa 9:22 kapteni alitangaza kwamba wanasubiri injinia, dakika kumi. Alieleza kwa Kiingereza vizuri, akataja taa ya tahadhari na ukaguzi. Tangazo la Kiswahili likawa sentensi moja ya kuomba radhi kwa usumbufu. Abiria wengi wa njia ile ni wafanyabiashara wadogo, wazee na familia. Waliopata habari kamili ni wachache.

Saa 9:30 mhudumu mkuu alifungua kigari na kuanza kugawa maji. Utaratibu wa kampuni unasema vinywaji hutolewa baada ya kupaa. Hakuomba ruhusa. Abiria walikuwa wamefungua vitundu vya hewa juu ya vichwa vyao na hakuna kilichotoka. Kadi za maelekezo ya usalama zikawa vipepeo. Picha ya video iliyosambaa baadaye kwenye magrupu ya WhatsApp inaonyesha hilo zaidi ya jambo lingine lolote: safu baada ya safu, watu wanajipepea kwa zile kadi.

Saa 9:35, tangazo la pili, dakika kumi. Mama mmoja wa makamo akamwuliza mhudumu, "Mwanangu, hizo dakika kumi zenu zinazaa?" Watu wakacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho kilichoandikwa kwenye taarifa yoyote.

Saa 9:40 mhudumu mkuu alipiga simu ya ndani. "Kapteni, huku nyuma hali si nzuri. Naomba tufungue mlango." Kapteni akaulizia chumba cha uendeshaji, akajibiwa injinia ameshaondoka upande wa pili, asubiri dakika tano. Wakati huo huo kipimo cha joto la ndani kilikuwa nyuzi 37.

Saa 9:50, tangazo la tatu. Halafu ukimya. Saa 10:02 binti wa yule mzee alisimama. "Dada, baba ana kisukari. Alichoma sindano mchana akijua atakula kidogo ndege ikiruka. Anatetemeka, simwelewi anachosema." Mzee alikuwa amelowa jasho, jambo ambalo halikumshtua mtu kwa kuwa kila mtu alikuwa amelowa. Mhudumu aliona bado anameza, akampa juisi yenye sukari, akatangaza kama kuna daktari au nesi ndani. Alikuwepo muuguzi mmoja. Kisha akapiga simu mbele: "Kapteni, nafungua mlango." Safari hii hakuwa anaomba. Saa 10:05 mlango ukawa wazi.

Gari la wagonjwa lilifika saa 10:14. Mzee alikuwa ameanza kujitambua. Abiria wengine walishushwa kwa basi, wakarudishwa ukumbini saa 10:30. Tangazo la kuahirishwa safari lilitolewa saa 11:00 jioni.

Maamuzi na sababu zake

*Kupandisha abiria saa 8:50.* Darasani wengi hukimbilia kulaumu uamuzi huu. Mimi siafiki. Hitilafu ya injini haikuweza kujulikana kabla injini haijawashwa, na injini huwashwa abiria wakiwa ndani. Jua lilikuwa linawakimbiza. Aliyeagiza alikuwa na saa moja na dakika kumi mkononi, na kwa ndege nzima zingetosha. Angekosa kama angejua kuna hitilafu na bado akawapandisha. Hakujua.

*Kutofungua mlango.* Hapa ndipo penye kisa. Mlango wa abiria wa ndege hii uko nyuma na ngazi zake zimeundwa ndani ya mlango wenyewe. Haukuhitaji gari la ngazi, wala mtu wa nje, wala ruhusa ya mnara. Ulihitaji mkono mmoja na dakika moja. Kwa nini ukakaa umefungwa dakika 50?

Sababu aliyoandika kapteni ni kwamba mlango ukifunguliwa abiria watataka kushuka, na abiria mmoja akikataa kuendelea lazima begi lake litafutwe na kushushwa kwa sababu za kiusalama. Hiyo ni kweli, na kwenye shehena iliyokwisha kupangwa inaweza kula dakika ishirini au zaidi. Dakika ishirini zingemaliza jua. Chumba cha uendeshaji nacho kilikuwa na sababu yake: mlango ukifunguliwa, saa ya "mlango umefungwa" inafutwa, na mjadala wa namba za kuchelewa unaanza upya kati ya kituo na mafundi. Hakuna aliyelisema hilo waziwazi kwenye simu. Lakini kumbukumbu inaonyesha mtu wa uendeshaji akiuliza, "Ukifungua tuandike nini?"

*Kugawa maji na, baadaye, kufungua bila kuomba.* Yote mawili yalifanywa na mtu mwenye cheo cha chini kuliko wote waliokuwa kwenye mazungumzo.

*Kutosema habari ya jua.* Kapteni alijua saa 9:40 kwamba uwezekano wa kuondoka umekuwa mdogo, na saa 9:50 kwamba umekwisha kwa hesabu ya kawaida. Alieleza baadaye kuwa aliogopa kutangaza hivyo kwa watu 64 waliofungiwa kwenye joto. Hofu yenyewe inaeleweka. Ila ilitokana na mlango uliofungwa. Mlango ungekuwa wazi asingekuwa na sababu ya kuogopa.

*Familia ya msiba.* Kati ya abiria walikuwemo ndugu watano wakienda kuzika mama yao kesho yake asubuhi, mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka kiwanjani. Meneja wa kituo alipoambiwa, alitoa pesa kutoka masurufu ya ofisi, akawanunulia tiketi za ndege ya kampuni nyingine inayoondoka usiku kwenda kiwanja cha jirani chenye taa, akakodi gari la kuwasubiri huko. Hakuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Kiwango chake cha kuidhinisha kilikuwa chini sana ya gharama ile.

Matokeo

Mzee alilazwa usiku mmoja, akasafiri siku ya tatu. Abiria waliobaki waliondoka kesho yake saa 12:00 asubuhi. Wenyeji wa mji waliambiwa warudi makwao watapigiwa simu, wasio wenyeji walipewa hoteli baada ya mabishano marefu kwenye kaunta.

Ndugu watano wa msiba hawakwenda wote. Saa 9:40, wakati kapteni alipoona jua linamshinda, ile ndege ya usiku ilikuwa na viti saba vitupu. Saa 11:00 jioni, tangazo lilipotolewa, vilibaki vitatu. Ikabidi wachague wao kwa wao pale pale kwenye kaunta nani aende. Wawili hawakumzika mama yao.

Kampuni ilitoa taarifa yenye maneno "changamoto za kiufundi zilizo nje ya uwezo wetu" na kuwapa abiria vocha ya punguzo kwa safari ijayo. Neno "changamoto" limeshabebeshwa kila kitu katika nchi zetu, kuanzia maji kukatika hadi daraja kuvunjika, na watu wakilisikia hujua hawataambiwa kitu. Mmoja wa wale wawili alirudisha vocha yake ndani ya bahasha.

Uchambuzi

Barua zote 11 zinataja joto. Lakini ukizisoma taratibu, joto lina aya moja, na aya zinazobaki ni za kutoambiwa. Mwandishi mmoja anahesabu matangazo. Mwingine anauliza kwa nini hakuruhusiwa kumpigia mtu wa kumpokea. Sisi wa kazi hii tukisikia starehe ya abiria huwaza kiti, chakula na tabasamu. Wahudumu wa ndege ile walikuwa na tabasamu, na walisifiwa kwa majina kwenye barua sita. Haikusaidia. Walichokosa abiria kilikuwa mikononi mwa watu wasioonana nao: mlango, habari na saa.

Tuanze na mlango. Kosa la fikra lilikuwa kuchanganya vitu viwili, kufungua mlango na kushusha abiria. Mlango ungeweza kufunguliwa kwa ajili ya hewa, mhudumu mmoja akasimama pale, abiria wakaambiwa wabaki vitini. Upepo wa alasiri wa pwani hautoshi kuipoza ndege, lakini unatosha kuizuia isiwe tanuri. Hatari ya mtu kutaka kushuka ipo, na bila shaka wangekuwepo. Ila kadiri ulivyocheleweshwa kufunguliwa ndivyo idadi ya watakaotaka kushuka ilivyoongezeka. Saa 9:25 pengine asingetaka mtu. Saa 10:05 walitaka karibu wote.

Dakika kumi zile hazikuwa uongo. Kila mara kapteni alirudia makadirio aliyopewa na uendeshaji, nao walirudia ya injinia, naye alikuwa anakadiria kazi ya kwenye jeti aliyokuwa nayo. Makadirio ya mtu wa tatu yakitangazwa kwa sauti ya kapteni huwa ahadi. Njia inayofanya kazi ni kuahidi kile ulicho nacho mkononi, yaani tangazo lijalo. Darasani tunatumia mfano huu: "Ndugu abiria, injini ya kulia imeonyesha taa ya tahadhari na hatutaondoka mpaka injinia aikague. Bado hajafika. Nitazungumza nanyi tena saa 9:35, hata kama sina jipya. Mlango tunaufungua mpate hewa. Tunaomba mbaki vitini. Kuna mgonjwa, mwenye mtoto mchanga au mwenye dawa ya wakati maalumu, amwambie mhudumu sasa." Sentensi ya mwisho ingempata yule mzee dakika arobaini mapema. Na itamkwe kwa urefu ule ule katika lugha zote mbili.

Wanafunzi wengine hutaja kanuni za nje. Marekani, baada ya abiria kukwama kwa saa nyingi ndani ya ndege zilizokuwa chini, kisa cha Februari 2007 kwenye kiwanja cha JFK, New York, kikiwa maarufu kuliko vyote, ilitunga kanuni iliyoanza 2010: kwa safari za ndani abiria wapewe nafasi ya kushuka kabla ya saa tatu kupita, na maji na chakula kabla ya saa mbili. Ni kanuni nzuri, lakini chini yake dakika zetu 50 zisingehesabika kuwa kosa hata kidogo. Kwenye maegesho ya pwani mwezi Februari, ndege isiyo na hewa haisubiri saa tatu. Na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao kifungu chake cha 19 kinambebesha msafirishaji hasara itokanayo na kuchelewa, wenyewe unahusu safari za kimataifa. Kwa hiyo kipimo ilibidi kitungwe hapa hapa, na kifuate joto pamoja na saa.

Kilichofanya kazi kilifanya kazi kwa sababu mtu alivunja utaratibu: maji, mlango, masurufu. Kampuni ikiona watumishi wake bora ni wale waliokiuka kitabu, tatizo liko kwenye kitabu. Mara ya kwanza kisa kilipojadiliwa ndani, meneja wa kituo aliandikiwa barua ya kujieleza kuhusu masurufu. Ilifutwa baadaye, baada ya wakubwa kusoma barua ya wale ndugu. Mhudumu mkuu hakuandikiwa kitu, wala kushukuriwa.

Na lile la viti saba ndilo zito kuliko yote. Kati ya saa 9:40 na saa 11:00 habari ilikuwepo, ina mwenyewe, na ilikuwa na thamani kwa watu mahususi ambao kapteni hakuwajua na hakuwa na njia ya kuwajua. Hicho ndicho watu wa uendeshaji husahau wanaposema "tusiwashtue abiria bure". Huwezi kujua nani kati ya 64 ana la kufanya na habari hiyo. Mmoja angepiga simu tu nyumbani. Mwingine angebadilisha mkutano. Watano wangepata viti.

Yaliyobadilishwa

Hitilafu yoyote inayogusa hewa ya ndani ndege ikiwa chini sasa hupelekwa getini kabla ya kupandisha, na wagonjwa na wenye watoto wachanga hupanda mwisho siku hizo, wakisubiri penye kiyoyozi. Ilipendekezwa mhudumu mkuu awe na mamlaka ya kuagiza mlango ufunguliwe kwa hewa baada ya dakika 15 bila upozaji, au joto la ndani likifika nyuzi 30. Marubani walipinga wakisema mlango ni wa kapteni, na wana hoja kisheria; maneno yaliyokubaliwa ni kwamba mhudumu "anashauri" na kapteni akikataa anaandika sababu. Mpaka sasa hakuna aliyeandika. Kwenye safari zenye kikomo cha jua, kikomo hutangazwa abiria wakiwa bado ukumbini. Meneja wa kituo ameongezewa kiwango cha masurufu kwa msiba na ugonjwa.

Gari la hewa baridi bado ni moja.

Namba za kuchelewa hazijatatuliwa. Kituo kiliomba dakika za mlango wazi zisihesabiwe kwa mtu yeyote. Mkuu wa uendeshaji alikataa, akisema kila dakika lazima iwe na mwenyewe. Faili lilipofungwa zilikuwa zinaandikwa chini ya 41, yaani kwa jina la mafundi, na mafundi walikuwa wameshaandika barua ya kupinga.